Mstari Chini ya Jina la Mpishi

Nina hasira za karibu, na pale mtaani kwetu Tuwan kila mtu anajua. Kwa hiyo fundi wetu alipotundika aproni yake kwenye msumari na kuniambia anaenda kutolewa mtoto wa jicho, atakaa wiki mbili, na nisiguse herufi zake, nilimjibu kwamba duka ni letu, mashine ni yetu, na hizo herufi anazoziita zake tulizinunua mimi na mume wangu. Akacheka. Akasema, "Sawa mama, lakini usiziguse." Nikazigusa siku iyo hiyo.

Duka letu la kuchapisha liko Kitale. Mbele kuna kompyuta na printa kama kwa kila mtu. Nyuma, pale panaponuka wino na mafuta ya taa, kuna mashine kuukuu ya chuma inayokanyagwa kwa mguu na kuchapa kwa herufi za risasi, moja moja, zinazopangwa kwa mkono. Watu hudhani mashine za aina hiyo zilikufa zamani. Hazijafa. Wako wazee wa makanisa ambao hawaamini kadi ya mwaliko mpaka wapitishe kidole juu ya jina lao na kuhisi limezama kwenye karatasi. Hiyo ya kompyuta wanasema ni picha ya kadi.

Mmoja wao ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu, ingawa si mzee, ila alizaliwa na uzee wake. Ni mwalimu, na ni katibu wa kanisa moja nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande ule nilikoolewa. Alikuja Kitale Jumatatu ile ile aliyoondoka fundi, na karatasi iliyong'olewa kwenye daftari la mwanafunzi, akaketi bila kuvua kofia ya pikipiki, akaniambia kanisa limemaliza kujenga jiko.

Hiyo ilikuwa habari kubwa kweli. Miaka yote tangu niolewe, chakula cha kanisa lile kilikuwa kikipikwa nje, nyuma ya ukuta, chini ya turubai lenye matundu. Mvua ikinyesha, supu inaongezeka. Na mpishi alikuwa mmoja tu, bibi mmoja mfupi mwenye mikono ya mpiga matofali, ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu. Harusi, matanga, ubatizo, kongamano la vijana, Kukhu yuko nyuma ya ukuta na mwiko. Mimi mwenyewe siku ya harusi yangu sikumwona uso, nilimwona moshi.

"Sasa tunafungua jiko Jumamosi baada ya hii," shemeji akasema. "Nataka kadi za heshima. Majina yote hapa."

Nikasoma. Mwenyekiti. Katibu, ambaye jina lake alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa kushinda la mwenyekiti. Maombi. Kwaya. Mapishi, na hapo jina la Kukhu. Halafu chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, Mgeni wa Heshima, atakayekata utepe: mkubwa fulani mstaafu wa serikali anayeishi juu kule Kapsokwony.

"Shemeji, mgeni wa heshima unamweka chini ya mpishi?"

"Si alikubali jana! Na hiyo list kamati ilikuwa imeshapitisha. Nikiigusa lazima niite mkutano, na mikutano yetu unaijua, itaisha Krismasi." Akainama, akanong'ona, sijui alikuwa anamficha nani, tulikuwa wawili. "Mpigie mstari. Mstari mnene, chini ya jina lake. Akiuona atajua hata kama yuko chini, yeye ndiye mkubwa."

Hapo nieleze kidogo. Kwenye kompyuta, mstari chini ya jina ni kubonyeza tu. Kwenye mashine ya risasi, mstari ni kitu. Ni kipande cha shaba, chembamba kama kisu cha meza, kina ukingo ulionyooka unaoshika wino. Unakikata urefu wa jina, unakisimamisha ubavuni mwa herufi, unakibana pamoja nazo, na kikichapwa kinaacha mstari mmoja mweusi, safi, ambao hata kipofu angeusoma kwa kidole. Fundi anavyo kumi na kitu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kimoja anachokolea meno. Sikujua ni kipi, kwa hiyo nilichagua kirefu kuliko vyote, nikakiosha kwa petroli mara mbili.

Kupanga herufi nilikuwa nimeona mara elfu. Unashika kibano cha chuma mkono wa kushoto, unaziweka herufi zikiwa miguu juu, kichwa chini. Mstari wa kwanza wa maneno unakaa karibu na tumbo lako, na wa pili unapanda juu yake, na wa tatu juu ya huo. Yaani kila kitu kimepinduka. Nilipanga Mwenyekiti, nikapanga Katibu, nikapanga wote, nikijisifu kimoyomoyo, nikafika kwa mgeni wa heshima. Jina lake likakaa vizuri, juu ya jina la Kukhu. Nilikuwa nimeambiwa mstari uende chini ya jina. Nikauweka chini ya jina. Macho yangu yaliona chini, mikono ikaweka chini. Na ukiwa umepindua dunia nzima halafu ukakumbuka chini ni wapi, ndugu msomaji, umekwisha. Mstari uliingia katikati yao wawili. Kwenye karatasi, dunia ikirudi sawasawa, hapo katikati ni juu ya kichwa cha mkubwa na chini ya jina la Kukhu.

Sikuuona. Haki ya Mungu sikuuona. Nilipochapa nakala ya kwanza niliiangalia, mstari upo, mweusi, umenyooka, nikapiga picha nikamtumia shemeji kwa WhatsApp. Akanijibu kwa kidole gumba, tena vitatu. Baadaye aliniambia kwamba aliangalia jina lake tu. Mwenyekiti naye aliangalia jina lake tu, na mchungaji lake, na mwalimu wa kwaya lake. Kamati nzima ilipitisha kadi ile kwa kujiangalia, kama watu waliogawana kioo. Nikachapa mia mbili, nikazifunga kwa gazeti, nikazituma Bungoma, na jioni ile nilikunywa chai kwa madaha sana.

Alhamisi ya wiki iliyofuata fundi akarudi kabla ya wiki zake mbili kwisha, jicho moja limefungwa bandeji. Nilikuwa nimebandika kadi ukutani makusudi, aione. Akaisogelea na lile jicho moja. Akapitisha kidole juu ya mstari. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Mama," akasema, "huyu Mapishi ni nani? Maanake umempa heshima, hata mimi namsalimia."

Nikaangalia. Lo! Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimeambiwa na mwenye jicho moja. Nilitaka kumfokea lakini sikupata la kufokea, kwa hiyo nikamfokea juu ya kopo la maziwa ya unga, kwamba meno yake si kazi ya duka.

Nikampigia shemeji simu. Akapokea akiwa anahema.

"Shemeji, zile kadi..."

"Usiniambie! Zimetuletea mambo bana! Kukhu amegoma kupika."

"Amegoma?"

"Si kugoma hivyo. Ati mgeni wa heshima hapiki. Ameshonewa kitenge. Majirani wamempelekea kuku wa kumpongeza. Wamama wa kanisa wanasema kamati wamefanya jambo la maana mara ya kwanza tangu waumbwe, jiko litafunguliwa na mwenyewe. Hata kwaya imemtungia wimbo! Na huku mzee wa Kapsokwony anakuja na hotuba yake." Akavuta pumzi. "Shemeji, ni wewe uliweka huo mstari. Ni wewe utauondoa. Uje umwambie."

Kosa ni langu, kweli. Kumwambia pia kulikuwa kwangu, kweli. Lakini niwaambie wazi, niliogopa. Nilimwogopa yule bibi kuliko nilivyowahi kumwogopa mama mkwe. Mtu umemwona miaka yote akiinama kwenye moshi, leo amenyooka kwa sababu ya mstari, halafu wewe ndiye uende kumwambia, samahani Kukhu, rudi uiname, ulikuwa mkono wangu tu umeteleza. Usiku ule sikulala vizuri.

Ijumaa nikafika Bungoma. Nikaenda kwake moja kwa moja, nimeshajiandalia maneno. Nikamkuta uani anafanya mazoezi ya kukaa. Ndiyo, kukaa. Alikuwa ameweka kiti cha plastiki chini ya mstari wa nguo, anaketi, anainuka, anaketi tena, mjukuu wake anamwambia magoti yakae pamoja.

"Karibu mwanangu!" akaniambia. "Wewe ndio ulichapa hii? Nilipapasa hiyo mustali usiku, hata taa nimezima. Iko kwa karatasi kabisa!"

"Kukhu, kuhusu huo mstari..."

"Mustali mzuri sana," akasema, akaketi, magoti pamoja.

Nikanywa chai yake, nikala ndizi zake, nikaondoka. Jioni nikarudi tena kumwambia, nikakuta anasuguliwa visigino. Nikashindwa. Jumamosi asubuhi nikasema sasa hivi, nikamkuta mlangoni katika kile kitenge, kitambaa kichwani kimekwenda juu kama mnara, akaniomba nimshike mkono avuke tope. Nikamshika. Nikamvusha. Nikamkalisha mimi mwenyewe kwenye kiti cha mbele, kile chenye taulo jeupe mgongoni, kilichokuwa kimewekewa mkubwa wa Kapsokwony. Mwoga mimi!

Shemeji akanivuta nyuma ya hema. Jicho limemtoka. "Umemwambia?"

"Bado."

"Na kupika je? Watu mia mbili! Umesikia harufu yoyote hapa ya chakula?"

Nikanusa. Hakukuwa na harufu yoyote. Jiko jipya lilikuwa limesimama pale, limepakwa rangi, limefungwa utepe mwekundu mlangoni, na ndani hakuna moto. Wamama wote waliokuwa wakimsaidia Kukhu walikuwa wameketi nyuma yake wamevaa sare, maana huwezi kumsindikiza mgeni wa heshima huku umeshika kitunguu. Basi nikajifunga leso. Nilifanya makosa mawili siku ile: niliingia jikoni kwa dirisha la kupakulia kabla utepe haujakatwa, na nilianza kupikia watu mia mbili ilhali nyumbani kwangu hata wali wa watu wanne huwa unanishinda.

Sitaeleza yote. Moto ulikataa, halafu ukakubali kupita kiasi. Kuku wakaungua upande mmoja kwa ushirikiano wa hali ya juu. Chumvi nilitia, nikasahau kama nimetia, nikatia. Lakini ugali ndio ulinivunja moyo. Sufuria ile ingeweza kuogeshewa ndama. Nilipoanza kusonga, mwiko ukasimama katikati, ukakataa kwenda mbele wala nyuma, na mimi nikaning'inia juu yake nikilia machozi ya moshi na ya kweli.

Ndipo akatokea mwanamume mmoja dirishani, mtu mzima, ametapakaa tope kutoka viatuni mpaka kifuani. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na pikipiki yake, nadhani, ilikuwa imemlaza chini mara kadhaa. Akauliza maji ya kunawa yako wapi.

"Maji utapata baadaye!" nikamfokea. "Wewe unaona mtu anakufa hapa halafu unauliza maji? Vua koti, ingia, shika!"

Akavua koti. Akaingia kwa dirisha kwa taabu kidogo, tumbo lilikuwepo. Akashika mwiko, akaweka mguu mmoja ukutani, akasonga. Alisonga vizuri, nisiseme uongo, ila kwa kuchelewa. Ugali ulikuwa umeshafanya maamuzi yake. Akaniambia alijifunza shule ya bweni, zamani, wakati wapishi walipogoma. Nikamwambia asiongee, asonge. Akasema ndiyo mama.

Nje kwaya ikaanza wimbo wake. Tukachungulia kwa ufa wa mlango. Kukhu alikuwa ameinuka kukata utepe. Mwenyekiti akampa mkasi mdogo wa ofisini, wenye mpini wa plastiki. Akautazama, akautazama tena, akamrudishia, akachomoa kisu cha kabichi kutoka kwenye mkoba wake na kuuchapa ule utepe pigo moja. Vigelegele! Mchungaji mwenyewe aliruka nyuma. Mlango ukafunguka, na watu mia mbili wakaniona mimi na yule mwanamume wa tope tumeshika mwiko mmoja.

Shemeji akaja mbio. Akamtazama mwenzangu. "Mheshimiwa!"

Nikaachia mwiko. Kumbe huyu ndiye mkubwa wa Kapsokwony. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemfokea, nimemwingiza kwa dirisha, nimemwambia nyamaza. Yeye akasema tu, "Hebu subiri kwanza, imeanza kushika."

Shemeji akanikamata kiwiko, akanipeleka kando. Alikuwa amechacha, na sikumlaumu, yeye ndiye aliyemwita. "Shemeji, sasa imetosha. Mzee ananawa, halafu lazima apate kiti chake. Utasimama mbele ya watu, utasema mstari ulikuwa makosa ya kuchapa, tumwombe Kukhu radhi, arudi kwa wenzake. La sivyo mimi nitasema, na mimi nikisema nitasema vibaya."

"Wale kwanza," nikamwomba. "Watu wale kwanza, kisha nitasema."

"Wakishakula tu."

Nikarudi kupakua sahani ya Kukhu. Mheshimiwa alikuwa pale, anajipangusa mikono kwa leso yangu, na sijui alisikia kiasi gani. Alizamisha kijiko kwenye sufuria ya kuku, akatafutatafuta, akatoa firigisi, ile ambayo kwetu hupewa mwanamume mkubwa kuliko wote waliopo, na wanawake wa rika la Kukhu walikua wakikatazwa hata kuionja. Akaiweka juu ya sahani ile. Kisha akaenda kutafuta maji.

Nikampelekea Kukhu chakula mwenyewe, nikapiga magoti, nikamnawisha. Nikaona heri asikie kwangu kuliko kwenye kipaza sauti.

"Kukhu," nikamwambia polepole, "ule mstari nilikosea. Ulikuwa wa yule mgeni mwingine. Shemeji anataka niseme mbele ya watu mkishamaliza kula. Nisamehe, Kukhu. Nimetaka kukwambia tangu jana."

Hakunitazama. Alikuwa anamega ugali.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu siku ile kadi ilikuja. Mgeni wa Heshima imeandikwa hapo chini, na jina la mtu. Ati mulifikilia mimi sisomi?" Akachovya kwenye mchuzi. "Mambo ya mustali si kosa yangu. Ni nyinyi mumeweka."

Akaweka tonge mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akanitazama kwa mara ya kwanza, akatafuna tena kwa ujasiri.

"Hii umepika wewe?"

"Ni mimi, Kukhu."

"Ni mbaya kabisa. Hata ng'ombe ingelia." Akamega tonge lingine. "Lakini tangu hii kanisa ianze mimi chakula yake naonja tu, na kijiko, nimesimama. Sijawahi kukulia hapa nikiwa nimekaa."

Nyuma yangu nikamsikia shemeji anagonga kipaza sauti kwa kidole, pu, pu, kujaribu kama kinasema. Nikataka kuinuka. Kukhu akanishika bega kwa ule mkono usio na ugali, akanirudisha chini.

"Utaenda kuwaambia, mwanangu," akasema. "Lakini wacha nimalize kwanza."

Akala. Alikula polepole, magoti pamoja, ugali mbichi katikati na kuku wa chumvi mbili, akiuzungusha kila mfupa mpaka ung'ae. Shemeji alisimama na kipaza sauti chake akingoja, na watu walimaliza, na sahani zikakusanywa, na mheshimiwa akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa jiko akiwa na hotuba yake mfukoni, na Kukhu alikuwa bado anakula.